Vigae vya penye moto kwenye jikoni ya nyumba ya mawe ya zamani: mwongozo kamili kutoka Lamu

Mwaka wa pili baada ya kuweka vigae, usiku saa nane hivi, nikasikia pa! huko jikoni juu. Nikadhani paka, si unajua paka wa Lamu na adabu zao, nikapanda na tochi ya simu kumbe hakuna paka wala nini, kigae kimoja kimejitoa ukutani chenyewe kikaangukia jiko la mkaa, na pale kilipotoka ukuta umefura unga mweupe kama mtu kamwaga chumvi. Nikalamba kidole. Chumvi kweli. Mpaka masika yale yanaisha vilikuwa vimeshuka 11, vingine vizima kabisa na simiti yake imeganda nyuma, yaani simiti haikuachana na kigae, ukuta ndio ulioachana na simiti.

Basi haya ninayoandika ni ya mtu aliyelipia kazi moja mara mbili.

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa hapa Lamu mjini, ya mawe, ya zamani kiasi kwamba kwenye ukoo hakuna anayejua nani aliijenga. Jikoni iko juu kabisa kama nyumba nyingi za huku, moshi upate njia. Sasa ukitafuta mambo ya vigae vya penye moto utakuta ni ya Wazungu na mahali pao pa kuota moto sebuleni, au kwetu Kenya ni watu wa Limuru na Nyeri wenye baridi yao. Sisi moto ni wa kupikia, nani aote moto Lamu. Lakini shida ni ile ile: joto, masizi, ukuta wa zamani usionyooka, na mwenye nyumba anataka papendeze. Sisi tumezidishiwa moja tu, chumvi, na hiyo moja ndiyo inayobadilisha karibu kila kitu hapa chini.

Anza na ukuta, duka baadaye

Najua unachotaka ni kwenda Malindi au Mombasa kuangalia rangi. Ngoja kwanza.

Ukuta wa nyumba ya zamani ya Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na juu yake lipu ya chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, lanywa maji, na lilitoka baharini au karibu na bahari kwa hiyo chumvi imo ndani toka mwanzo. Maji yakipanda kutoka ardhini au yakivuja kutoka juu, yanabeba ile chumvi mpaka kwenye uso wa ukuta, maji yanakauka, chumvi inabaki nje kama unga, wewe unafagia maisha yanaendelea. Ndio maana bibi zetu walikuwa wanapaka chokaa kila baada ya muda, haikuwa urembo peke yake. Sasa ukija ukapiga simiti juu ya pale na kigae kinachong'aa juu ya simiti, maji bado yanakuja, chumvi bado inakuja, ila mlango umefungwa. Inagandia nyuma ya simiti, ikiganda inavimba, na ikivimba inasukuma. Pa! usiku saa nane.

Mzee mmoja fundi wa chokaa alipokuja kuona ule msiba wangu hakunigombeza, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole akaniambia tu, "Mwanangu, ukuta huu wapumua, nawe umeuziba pua." Fundi wa kwanza, sitamtaja, alikuwa hodari sana wa nyumba mpya za mawe ya kukata. Hodari wa nyumba mpya.

Vipimo vinne vya kufanya mwenyewe, havihitaji pesa:

Gonga. Pita ukuta mzima kwa kifundo cha kidole au kipini cha kisu. Panapolia kizito pamoja, sawa. Panapolia kama ngoma, lipu imeachana na jiwe, hapo hakuna kigae kitakachokaa hata ukiweka gundi ya bei gani.

Kwangua. Chukua ncha ya kisu uchimbe kidogo pembeni pasipoonekana. Chokaa inatoka laini, nyeupe, kama chaki. Simiti ni kijivu na kisu kinateleza. Nyumba nyingi zilishapigwa simiti na mtu wa kabla yako, na bora ujue sasa.

Plastiki. Kata kipande cha nailoni safi cha ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha pengo, ukiache siku mbili tatu. Ukikuta jasho kwa ndani, upande wa ukutani, ukuta una maji. Jasho likiwa nje ni hewa tu ya Lamu, hilo lisikutishe.

Na chumvi. Fagia mpaka pawe safi, piga picha, rudi baada ya mwezi. Unga umerudi? Basi maji bado yanatembea.

Ukikuta maji, tafuta yanakotoka kabla ya jambo lingine. Kwetu ilikuwa tangi la plastiki lililowekwa juu ya ukuta wa bafu, valvu yake inadondosha tone tone, na hilo tone limefanya kazi miaka. Kwingine ni mfereji wa mvua, au birika la zamani la kuwekea maji bafuni lenye ufa. Ukishaziba, upe ukuta msimu mzima wa kaskazi ukauke, Disemba mpaka Machi, usikimbilie. Ukuta wa nyumba hizi mara nyingi ni mnene nusu mita, haukauki kwa feni.

Uzito, ambao hakuna anayeuliza

Jikoni ikiwa juu, chini yako ni boriti za mikoko. Hizo ndizo zilizoamua vyumba vya Lamu viwe vyembamba, sababu boriti ina urefu wake na haivutwi kama mpira. Zimebeba mawe na chokaa miaka na miaka, sawa, lakini kila mwenye nyumba anayekuja anaongeza kitu.

Piga hesabu hii. Zege la kusawazisha sakafu la sentimita 5 ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Mia! Kigae cha poseleni cha unene wa sentimita 1 ni kama kilo 23 kwa mita, hiyo ni afadhali. Kwa hiyo kinachovunja nyumba si kigae, ni lile zege fundi anamwaga ili kigae kikae sawa. Jikoni ya mita za mraba nane ukimwaga zege lote hilo umepandisha kilo 800 juu, kama vile umewaalika watu wazima kumi na mmoja wakae hapo daima wasishuke.

Kabla ya kuamua, shuka chumba cha chini uangalie boriti. Choma kila moja kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, ndipo zinapooza kwanza. Bisibisi ikizama, simamisha kazi. Angalia pia njia za mchwa na kama dari imebonyea katikati. Meko yako yaweke upande ambao vichwa vya boriti vimelala juu ya ukuta, usiyaweke katikati ya chumba. Na sakafu yote usiiwekee vigae, weka kile kipande cha mbele ya moto tu panapodondoka makaa, kwingine acha chokaa yako.

Kibali

Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO toka 2001, na kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Kabla hujatoboa au kubomoa lipu ya zamani, piga picha za jikoni na uende ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini uwaeleze unachotaka. Na ukiwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, au lipu iliyochongwa kwenye ukuta huo huo, tafadhali, kigae kisiguse. Nimeona mtu kaziba kidaka kwa vigae vya maua eti kilikuwa kinakusanya vumbi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni na kahawa yao ilikuwa nzuri.

Sasa kigae chenyewe

Kitu cha kwanza uelewe: kigae kilichochomwa hakiogopi moto wa mkaa. Poseleni imepikwa kwenye tanuri la karibu nyuzi 1200, huo mkaa wako wa pilau ni mchezo. Vinavyoogopa moto ni gundi iliyo nyuma, mng'aro wa juu ukimwagiwa maji baridi ghafla, na kingo zilizobanwa zikakosa pa kutanukia. Kwa hiyo muuza duka akikwambia hiki ni maalum kwa moto akakuongezea bei, mwambie ahsante.

Kuna majina mawili utayasikia kila duka, seramiki na poseleni, na mafundi wote wanasema tailizi tu. Tofauti iko kwenye kunywa maji. Poseleni hunywa nusu asilimia ya uzito wake au chini ya hapo. Seramiki ya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10. Usimwamini mtu, kigeuze kigae, dondosha maji nyuma uhesabu. Kikinywa upesi na kuacha doa ni seramiki ya ukutani, tone likikaa limesimama kama kwenye jani la mgomba ni poseleni. Mi nimefanya hivi mbele ya muuzaji aliyeapa kwamba ni poseleni, tone likapotea tukiwa tunatazamana.

Hii haina maana seramiki ni mbaya. Ukutani nyuma ya jiko seramiki inatosha sana, ni nyepesi, inakatika bila kugombana, na bei yake haikulizi. Poseleni ihifadhi kwa pale juu ya meko unapotua sufuria, na sakafuni mbele ya moto ambapo makaa yanaanguka na mtu anadondosha mchi wa kinu. Ya sakafuni uliza isiyoteleza, kwenye katoni huandikwa R na namba, R10 au R11 inafaa, kwa sababu mafuta ya kukaangia mahamri hayana huruma.

Vile vya simiti ya rangi vyenye maua, ambavyo kila hoteli ya Shela, kijiji jirani yetu, inavyo siku hizi, havichomwi. Vinashindiliwa kwa mashine vikakaushwa, vina unene wa sentimita 1.5 mpaka 2, vizito, vinakunywa mafuta, na adui yake ni ndimu. Sasa we fikiria jikoni ya Lamu bila ndimu. Ukikata ndimu ya samaki juu yake ukasahau, kesho yake kuna duara lililopauka na halitoki. Ukivipenda sana viweke ukutani mbali kidogo na mapishi na uvipake dawa ya kuzuia doa ile inayoingia ndani, siyo ile ya kukaa juu kama vanishi, maana hiyo penye joto inageuka njano na kubanduka. Marimari ugonjwa wake ni huo huo wa ndimu.

Mawe ya Galana, haya ya kutoka huko nyuma ya Malindi, na ya Mazeras, mi nayapenda. Ni ya kwetu, rangi yake inakubaliana na chokaa, joto hayajali. Shida ni kwamba ni mazito na uso wake una mabonde, masizi yanaingia. Kwa sakafu ya mbele ya moto, kipande kimoja kikubwa cha Galana ni kizuri kuliko vigae kumi. Kwa ukutani hapana.

Vigae vya udongo vyekundu ni vizuri ila vitakunywa mafuta mpaka vishibe, ukubali vitakuwa na madoa au uviache. Vya glasi usiweke karibu na moto. Na zile karatasi za kubandika zenye picha ya vigae, ndugu yangu, hiyo ni plastiki, usiipeleke penye moto kabisa.

Vipimo vitatu vya sampuli

Nunua vitatu vinne tu kwanza, vya aina mbili tatu, uje navyo nyumbani. Duka likikataa kukuuzia vichache nenda la pili.

Cha kwanza manjano. Changanya manjano na mafuta ya nazi, paka kwenye kigae, acha ilale. Asubuhi osha kwa sabuni ya kawaida. Vyangu viwili vya rangi ya krimu visivyong'aa, nilivyovipenda kuliko vyote, viliamka na rangi ya biriani na mpaka leo vinayo, natumia kimoja kuwekea birika la chai. Kile kilichokuwa na mng'aro kiasi kilitoka kama kilivyoingia.

Cha pili sufuria. Pasha sufuria kavu mpaka iwe ya moto kweli, itue juu ya kigae, subiri dakika mbili, iondoe na umwagie maji baridi hapo hapo. Simama mbali kidogo. Kisha paka masizi au wino juu yake ufute. Ukiona mistari myembamba kama utando wa buibui, mng'aro umepasuka, na kila supu itakayomwagika itaingia humo. Kigae hicho kinafaa bafuni.

Cha tatu mwanga. Jikoni za juu zina uwazi, jua la asubuhi linaingia limelala. Kisimamishe kigae pale pale ukutani saa mbili asubuhi na uangalie tena usiku kwa taa. Kinachong'aa kama kioo kitakupiga machoni ukiwa unapekua mchele. Na nyeupe ya dukani ina ubuluu ndani yake, ukiiweka kando ya chokaa ukuta wako wote utaonekana mchafu. Hii inashangaza watu wengi. Chokaa ina weupe wa maziwa, tafuta weupe huo au achana na nyeupe kabisa.

Ukubwa na maua

Ukuta wa zamani una tumbo. Weka ubao ulionyooka juu yake utaona mwanga unapita chini, kwangu ilikuwa kidole kizima katikati. Vile vya 60 kwa 60 kwenye ukuta kama huo ama kona zitachomoza, ama fundi atajaza simiti nyuma kufikia usawa, na tumeshaongea kuhusu simiti. Chukua vidogo, sentimita 15 kwa 15 au 10 kwa 10, vinafuata mwili wa ukuta. Hata nyumba za zamani za Uingereza, vigae vingi vya mahali pa moto vilikuwa inchi 6 kwa 6, ambayo ni hiyo hiyo 15 na kidogo.

Maua sasa. Watu wanasema vigae si utamaduni wetu. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kauri ukutani ni yetu kabisa. Nenda Mambrui, juu ya Malindi kidogo, kuna kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za kauri za Kichina. Na kwenye mabirika ya bafu za Lamu wazee walikuwa wanapachika bakuli la kauri chini kabisa, maji yakipungua samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu wabaki na mahali. Angalia walivyotumia: bakuli moja, uwanda mkubwa wa chokaa kuizunguka, jicho linakwenda pale pale. Sasa sisi tunachukua ua moja tunalirudia mara mia mbili mpaka kichwa kinauma. Mi niliweka vya rangi moja, kijani cha maji ya bahari kilichopauka, na vinne tu vya bluu na nyeupe katikati nyuma ya moto. Hivyo vinne ndivyo kila mgeni anavyoulizia.

Na usipandishe mpaka juu. Mrukio wa mafuta haufiki darini. Mita moja kasoro kutoka juu ya meko inatosha, hapo juu acha chokaa ipumue.

Hesabu ya vigae

Ukuta wangu nyuma ya meko ni mita 1.8 kwa 0.9, hiyo ni mita za mraba 1.62. Juu ya meko 1.2 kwa 0.6, ni 0.72. Kigae cha 15 kwa 15 ni mita za mraba 0.0225. Gawanya: ukuta 72, juu 32, jumla 104. Nyumba mpya ungeongeza asilimia 10. Ya zamani ongeza 15, kwa sababu hakuna kona iliyonyooka na kila kigae cha pembeni kitakatwa kivyake, inakuja 120. Katoni ilikuwa na 44, kwa hiyo katoni 3, zikabaki 12 za akiba. Kama unachanganya aina mbili, kama nilivyokwambia poseleni juu na seramiki ukutani, piga kila moja hesabu yake.

Dukani, angalia namba ya toleo kwenye kila katoni, zote ziwe sawa. Rangi ile ile ya toleo tofauti inatofautiana kidogo na utaiona siku ya kwanza ya jua. Fungua kila katoni, gonga vigae viwili viwili vilie kama kengele, kilichopasuka kinalia kama ubao.

Halafu safari. Kutoka Malindi ni gari mpaka Mokowe, boti mpaka Lamu, kisha punda mpaka mlangoni. Katoni zisimame kwa ubavu, zisilale, na kwenye punda zigawe sawa kushoto na kulia na gunia la makumbi katikati. Mlipe mwenye punda vizuri kidogo, kigae kimoja kikivunjika huwezi kukimbia dukani jioni.

Kuweka

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukuta ukiwa mkavu kwa vipimo vyote vinne na lipu imeshika, unaweza kubandika moja kwa moja. Wangu haukuwa hivyo na naamini wengi hawako hivyo. Mara ya pili tulifanya hivi: tukabandua simiti yote ya zamani, ukuta ukapigwa lipu ya chokaa upya ukaachwa wiki kadhaa. Kisha mbele yake tukasimamisha bodi ya simiti, ile ngumu isiyoungua, siyo jipsamu, ikafungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu zilizoingia kwenye viungo vya chokaa, mawe yenyewe hatukuyatoboa. Nyuma ya bodi tukaacha nafasi ya sentimita 2, imetengwa kwa vipande vya bodi hiyo hiyo wala si mbao, na juu na chini pako wazi hewa inapita. Vigae vikabandikwa kwenye bodi. Chumvi inatoka inavyotaka, haigusani na kigae. Na kesho mwenye nyumba mwingine akichukia rangi yangu atafungua skrubu na ukuta wake atauona mzima. Skrubu za kawaida usithubutu, hewa ya Lamu itazila halafu kutu itatoa machozi ya kahawia kwenye grauti, ule ujazo wa kati ya kigae na kigae.

Gundi iwe ya unga wa simiti yenye kunyumbulika kidogo, kwenye mfuko tafuta herufi C2 na S1. Ile ya kwenye ndoo iliyo tayari iache, penye joto inalegea. Piga gundi kwa mwiko wa meno kwenye bodi, na nyuma ya kigae pia upake kidogo, kusiwe na mashimo ya hewa. Anzia katikati uende pembeni, vilivyokatwa viishie kona zisizoonekana.

Nafasi kati ya kigae na kigae milimita 3. Usibananishe, vinahitaji kutanuka. Grauti ya simiti, ya kijivu au ya mchanga, nyeupe isahau kama unapika kwa manjano. Ya epoksi inasifiwa sana kwa madoa ila haipendi joto, nyuma ya moto usiitumie. Pale ukuta unapokutana na meko usitie grauti, tia silikoni ya joto kali, kwa sababu hivyo viwili vinatembea kila kimoja kivyake.

Ndani kabisa panapokaa makaa, kigae hakuna. Hapo ni matofali ya moto na udongo wake. Jiko la chuma nalo lisiegemee vigae, acha kiganja cha mkono kati yake. Na kama juu yako ni makuti, cheche zisifikie, pandisha dohani au hamisha moto, hilo halina mjadala. Mkaa usiuwashe jikoni iliyofungwa madirisha, moshi wake usioonekana unaua.

Mi nilingoja wiki tatu kabla ya moto wa kwanza, na ulikuwa mdogo, wa chai. Siku ya pili wali. Pilau la watu ishirini likaja wiki iliyofuata, nikasimama pale nikisikiliza kama kuna pa.

Kusafisha ni maji ya moto na sabuni ya kipande siku hiyo hiyo, masizi yakilala yanaoa. Siki na ndimu zisikae kwenye grauti. Vile 12 vya akiba nimevifunga kwenye gunia chini ya ngazi, nyuma ya kimoja nimeandika kwa penseli namba ya toleo na mwaka, na kile cha rangi ya biriani kiko mezani, sasa hivi kina birika juu yake.